Hatukuleta Vitenge: Siku Zetu Sita za Kwanza Ng'ambo ya Songwe

Swali la kwanza tuliloulizwa tulipomaliza kuvuka daraja la mto Songwe lilihusu vitenge. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia la karanga kando ya barabara, upande wa Malawi, alitutazama sisi watano na mabegi yetu saba, akalitazama sanduku la mbao alilolibeba mume wangu begani, kisha akauliza kwa Kiswahili cha sokoni kama tumeleta majora au tunauza vipande vipande. Nilimjibu kwa majivuno kidogo, na hilo nalikiri, kwamba hatukuleta vitenge bali tumekuja kutumika. Akacheka sana. Alidhani nimemwambia tunatafuta kazi.

Mimi ni mkunga, na nimefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa katika hospitali ya kanisa huku kwetu Rungwe. Mume wangu ni seremala anayefundisha katika chuo cha ufundi, na lile sanduku lilikuwa na randa, patasi, misumeno miwili na timazi ambayo hamruhusu mtu mwingine yeyote aishike. Tuna watoto watatu: binti wa miaka kumi na mitatu, kijana wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka mitano. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, tulikubali kwenda Malawi kwa wiki tano kwa mpango mdogo wa makanisa jirani kubadilishana watumishi. Miaka miwili kabla, wao walikuwa wametuletea mwalimu wa kwaya na muuguzi wa watoto. Sasa ilikuwa zamu yetu kupeleka watu, na zamu hiyo ikatuangukia sisi.

Jumapili ya kuagwa ilikuwa kubwa kuliko safari yenyewe. Wazee walituwekea mikono, akina mama wakatuletea mchele wa Kyela na maparachichi ambayo wote tulijua kwamba yangeiva kabla hatujafika Kasumulu, na mchungaji akakumbusha kwamba Wamoravian wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ulaya kwa njia ya ziwa hilihili la Nyasa. Akasema kwamba wao walivuka maji kutufuata, na leo sisi tunavuka maji kuwafuata wengine. Kanisa zima likasema amina. Maneno yale yalikuwa matamu, nami niliyabeba moyoni kama mtu anavyobeba yai. Sikutambua kwamba yalikuwa yamenipandisha juu ya kiti ambacho sikukijenga, na kwamba ningeshushwa humo taratibu sana, bila mtu yeyote kukusudia kunishusha.

Songwe wenyewe si mto wa kutisha. Ni maji ya rangi ya udongo yanayoshuka kutoka milimani na kutawanyika katika tambarare ya mpunga, na kila mvua kubwa inaponyesha huweza kuhamisha mkondo wake, hivyo kwamba mtu anaweza kulala shamba lake likiwa Tanzania na kuamka likiwa limebaki ng'ambo. Serikali za nchi mbili zimekuwa na mpango wa pamoja wa bonde la mto huo kwa sababu ya jambo hilohilo. Watu wa pande zote mbili hawakungoja mpango. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanaoana, wanazikana, na lugha zao zimekaribiana mno.

Kutoka mpakani hadi mji wa Karonga ni chini ya kilomita hamsini, na njiani binti yangu alizichambua noti za kwacha tulizobadilishiwa kama mtu anayesoma albamu ya picha za ukoo. Katika noti ya 200 aliona mwanamke, akauliza ni nani, na dereva akamweleza habari za Rose Chibambo, aliyepigania uhuru na kuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Katika noti ya 2000 alimwona mchungaji John Chilembwe, aliyeongoza uasi wa mwaka 1915. Kuhusu neno kwacha lenyewe hatukuhitaji dereva: maana yake ni kumekucha, na hata kitinda mimba alilielewa.

Kituo cha afya tulichopelekwa kiko kando ya ziwa, kusini mwa Karonga, kikiwa na kanisa, shule ya msingi na nyumba ya wageni yenye kuta nene na madirisha madogo. Hapo ndipo tulipoanza kufahamu kwamba hatukuwa na mahali petu katika mpangilio wa mambo. Nyumba ile ilikuwa imezoea wageni wa aina moja. Makanisa ya kule yana udugu wa siku nyingi na makanisa ya Scotland, na waliotutangulia kulala humo walikuwa wametoka huko. Basi mama mlezi wa nyumba, aliyeambiwa tu kwamba familia ya wamishenari inakuja, alikuwa amenunua mikate mitatu, jamu, majani ya chai ya boksi na makopo mawili ya maharage ya nyanya, na alikuwa ametandika meza kwa uma na visu. Alipotuona tunashuka kwenye gari alitazama nyuma yetu, akingoja wenyewe washuke.

Sitamcheka mama yule, kwa sababu mimi mwenyewe ningefanya vilevile. Neno mmishenari katika vichwa vyetu lina rangi yake na viatu vyake. Mtu mweusi anayevuka mpaka wa Songwe akitoka kaskazini ni mfanyabiashara, au ni mkwe, au anapita tu akielekea Afrika Kusini kutafuta maisha. Hakuna safu ya nne. Alipozinduka alitushika mikono kwa furaha, kisha akatuuliza kwa uangalifu kama tunakula nsima. Mume wangu alimwambia kwamba asipotupa nsima tutalala na njaa. Mama akaondoa visu mezani, akarudi jikoni, na baada ya saa moja akatuletea ugali mweupe uliotandazwa bapabapa juu ya sahani, na usipa waliokaangwa kwa nyanya, wale wale ambao Kyela nasi tunawaita usipa. Alipiga goti kutunawisha mikono. Nilitamani kumnyang'anya birika lile, maana nilikuwa nimekuja kunawisha na si kunawishwa, lakini nilijua kwamba kumkatalia kungekuwa kumvunjia heshima ndani ya nyumba yake. Mikate tuliila kwa siku nne.

Kesho yake, Ijumaa, tulikuwa tumealikwa katika maombi ya asubuhi pamoja na wafanyakazi wa kituo. Walituambia saa kwa Kiingereza, na mume wangu akaitafsiri kwa Kiswahili kuwa saa kumi na mbili na nusu, akaitazama saa yake ya mkononi na kutuamsha mapema. Alichosahau ni kwamba Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Tulifika kanisani watano, tumenyoosha nguo na kupaka mafuta, tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli na mlinzi mzee anaota moto. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza juu ya ziwa. Ng'ambo ya maji ilionekana safu ya milima ya buluu iliyofifia, na nilichukua muda kutambua kwamba ile ilikuwa Tanzania, milima ya Livingstone tunayoiona kwa mgongo wake kutoka upande wetu. Sikuwahi kuitazama nchi yangu kwa mbele.

Kitinda mimba, ambaye amefundishwa kwamba mzee hapitwi hivihivi, alisogea akasema shikamoo. Nilikuwa tayari kumweleza kwamba huku salamu hiyo haipo, lakini mlinzi alinyoosha mgongo na kuitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeokota kitu alichokipoteza zamani. Alikuwa amefanya kazi Kyela na Mbeya katika ujana wake, akivuna mpunga na kubeba mizigo. Mimi nikamsalimu kwa Kinyakyusa, mugonile, naye akajibu ndaga kwa Kingonde, na kuanzia hapo tulikwenda kwa lugha tatu tukiruka kutoka jiwe moja hadi jingine, tukidumbukia mara mojamoja pale maneno yalipotengana. Alitupisha kwenye gogo lake. Tulikaa pale saa nzima, na kwa kweli saa ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika safari yote.

Aliuliza kama watoto wanajua kwamba Kiswahili kilifika pale kabla yetu. Kijana wangu akasema hapana, huenda kwa kudhani kwamba atasimuliwa habari ya redio. Mzee akasema kwamba kilikuja kwanza na bunduki. Akamtaja Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe aliyejenga boma karibu na Karonga, ambaye mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi kando ya wangwa wa Kambwe, na ambaye vita vyake vilikwisha Desemba ya mwaka 1895 alipokamatwa na Waingereza na kunyongwa. Mlozi na watu wake walizungumza Kiswahili. Mzee alisimulia bila uchungu wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni kisima kiko wapi. Alisema babu yake aliposikia mtu akisema Kiswahili alikuwa anaacha jembe na kutazama njia ya msituni.

Mimi nimekua nikiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, lugha iliyotuunganisha makabila zaidi ya mia na kutufanya taifa, na sijaacha kuamini hivyo. Lakini sikuwahi kukaa mbele ya mtu ambaye babu yake aliikimbia. Kuanzia asubuhi ile, nilipojikuta nainua sauti kwa Kiswahili nikidhani kwamba asiyenielewa anahitaji tu niseme kwa nguvu zaidi, niliinyamazisha sauti yangu. Mlinzi mwenyewe, kwa upande wake, alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, akatuomba tumrudie kila asubuhi. Mambo mawili hayo yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na sijui kwa nini nilitaka yagombane.

Katika kituo cha afya mambo yalikuwa rahisi kueleza na magumu kuvumilia. Mkunga hawezi kumgusa mjamzito katika nchi nyingine mpaka baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo limtambue, na hilo ni jambo la haki, maana hata sisi hatumruhusu mgeni aingie tu katika wodi zetu. Barua yangu ya uthibitisho kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania nilikuwa nimeituma kwa kuchelewa, kwa uzembe wangu mwenyewe, kwa hiyo nilipofika kibali kilikuwa bado. Mkunga wa zamu, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniambia kwa upole kwamba ninakaribishwa kuangalia. Kuangalia! Miaka kumi na tisa, na watoto ambao idadi yao niliacha kuihesabu zamani, halafu nikalishwe kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa meza.

Mume wangu naye alikuwa amekaa. Alitarajiwa kutengeneza mabenchi ya kliniki ya wajawazito, ambao walikuwa wanasubiri wakiwa wameketi sakafuni, lakini mbao za paina zilikuwa zinatoka Chikangawa, katika msitu mkubwa wa kupandwa wa Viphya huko kusini, na lori la kuzileta lilikuwa limekwama kwa uhaba wa mafuta. Kila asubuhi alifungua sanduku lake, akanoa patasi ambazo hazikuwa butu, akalifunga. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika na kupita bila jembe, na usiku, tulipokuwa tunaomba pamoja na watoto, sauti ya mume wangu ilikuwa na kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita manung'uniko.

Watoto hawakuwa na shida hiyo. Kijana aligundua siku ya pili kwamba wazee wanaoketi chini ya mwembe karibu na kanisa wanacheza bao, ambalo huko huitwa bawo, lenye safu nne na mashimo thelathini na mawili, na kete sitini na nne zilezile alizofundishwa na babu yake. Hakuhitaji lugha. Alifungwa mara kumi na moja mfululizo, akarudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyepokelewa chuo kikuu. Binti alikaa na wasichana wa mama mlezi, akajifunza kusema yewo, yaani asante, na kujifunga chitenje kwa namna ya huko. Wao hawakuambiwa na mtu yeyote kwamba wametumwa, kwa hiyo hawakuwa na kitu cha kungoja.

Kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na kiti cha plastiki, Jumamosi mchana nilitoka na kuzunguka nyuma ya jengo, kwenye banda ambamo ndugu wa wagonjwa hukaa. Kule, kama ilivyo katika hospitali nyingi za vijijini za kwetu, mgonjwa haji peke yake; huja na mama au mkwe au dada anayempikia, anayemfulia na kumgeuza kitandani. Palikuwa na majiko ya mawe matatu matatu na wanawake wapatao kumi na wawili ndani ya moshi. Waliponiona walinyamaza. Mmoja akaniuliza kama nina mtu wodini. Nikasema sina. Akaniuliza nauza nini. Nikasema siuzi kitu. Wakanitazama kwa huruma, kwa sababu mtu asiye na mgonjwa wala bidhaa hana sababu ya kuwa katika moshi ule, wakanisogezea kigoda. Nilichambua nao majani ya maboga mpaka jioni.

Katika banda lile nilijifunza mambo ambayo kwenye kiti cha plastiki nisingeyaona. Niliona jinsi kila mgonjwa anavyotunza kidaftari chake, ambacho wao hukiita pasipoti ya afya, chenye kumbukumbu zake zote za matibabu, amekiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni na kukifunga kwenye pindo la kitenge. Kikipotea, historia yake imepotea. Bibi mmoja alinifungulia cha mkwe wake, akanionyesha kwa kidole mistari ambayo hakuweza kuisoma, na kuniuliza kama inasema mema. Nilisoma shinikizo la damu, kimo cha mimba, tarehe. Nikamwambia kwamba inasema mema, na ilikuwa kweli. Siku hiyo yote, ile ndiyo kazi pekee ya ukunga niliyoifanya.

Jumapili tulikwenda ibadani kwa saa sahihi. Ibada ilikuwa ya Kitumbuka, ndefu na yenye uimbaji ambao ungeweza kuinua paa, na mara mwongozaji alipotangaza sumu namba fulani, kitinda mimba alinigeukia kwa macho ya hofu na kuuliza kwa sauti iliyosikika safu tatu, "Mama, wanatupa sumu?" Kwa Kitumbuka sumu ni wimbo. Kitabu chao cha nyimbo kinaitwa Sumu za Ukhristu, na ilimchukua dada yake mahubiri yote kumtuliza. Baada ya ibada chama cha akina mama, kinachoitwa Umanyano, kilinikaribisha. Nami, kwa kuwa kumanya kwetu ni kujua, nilisimama nikawaambia kwamba jina lao ni zuri maana linasema tujuane. Walipiga makofi ya adabu. Baadaye mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinivuta pembeni na kunisahihisha: neno lile limetoka mbali, Afrika Kusini, kwa watu wa Kixhosa, na maana yake ni umoja.

Nilipomuuliza Kixhosa kilifikaje huko, alifurahi kama mwalimu anayeulizwa swali zuri saa ya mwisho ya kipindi. Akaketi juu ya ngazi za kanisa na kunihadithia kwamba Waskoti walioanzisha misheni ya Livingstonia mwaka 1875 hawakufanya kazi peke yao. Mwaka 1876 walifuatwa na vijana wanne Waafrika waliojitolea kutoka shule ya Lovedale, huko kusini kabisa. Mmoja, Shadrach Ngunana, alifariki mwaka 1877. Mwingine aliumwa homa na kurudishwa kwao baada ya muda mfupi. Aliyedumu zaidi ni William Koyi, na kilichomfanya awe wa maana kuliko wengi ni kinywa chake: alizungumza Kixhosa, na Wangoni wa chifu M'mbelwa, waliotoka kusini miaka mingi kabla na kuogopwa na kila mtu, waliweza kumsikia. Pale ambapo Waskoti walikwama, yeye aliketi na kuongea. Alikaa Njuyu katikati yao kwa miaka, akavumilia mengi, akafia hapohapo mwaka 1886, wakati Wangoni ndiyo kwanza wanaanza kukubali watoto wao wafundishwe.

Nilimuuliza kama kuna mji unaoitwa kwa jina lake. Mzee alivua miwani. Akasema upo mji wa Livingstonia, kule juu mlimani Khondowe, ulioanzishwa na daktari Robert Laws mwaka 1894, na upande wa pili wa ziwa, kwetu, iko milima ya Livingstone. Kuhusu Koyi akasema, "Huyu tunamkumbuka kwa mdomo." Nadhani kwamba mtu yule alikabiliwa na tatizo letu kabla yetu, kwa ukali zaidi: hakuwa mzungu, hakuwa mwenyeji, hakuwa mfanyabiashara, na kila alikofika watu walitazama nyuma yake wakingoja wenyewe wafike. Mchungaji wetu alitutafutia mfano kati ya Wajerumani waliofika Rungwe, naye hakukosea, lakini mfano ulio karibu zaidi na ngozi zetu ulikuwa umelala Njuyu zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na mimi, niliyesoma shule ya Jumapili tangu utotoni, nilikuwa sijawahi kulisikia jina lake.

Jumatatu sina la kusimulia isipokuwa mvua. Jumanne ilikuwa hivyohivyo, na jioni umeme ukakatika.

Yapata saa nne za usiku kwa saa ya huko, mlinzi aligonga dirisha letu, akasema mkunga ananiita. Nilivaa haraka huku moyo ukinidunda, na nakiri tena, sehemu yake ilikuwa furaha: hatimaye wamekwama, wananihitaji. Nilipoingia katika chumba cha kujifungulia nilimkuta yule binti mkunga ametulia kabisa. Taa ya sola ilikuwa imekwisha chaji na muuguzi mwenzake alikuwa wodini na mtoto mwenye degedege. Alininyooshea tochi. Akasema, "Amama, nishikieni taa."

Mjamzito alikuwa mkwe wa yule bibi wa pasipoti, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Hakuwa kitandani. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka sakafuni, amemwegemea mama mkwe wake kifuani, na mkunga amechuchumaa nyuma yake. Katika wodi yangu mama hupanda kitanda, hulala chali na huambiwa asukume. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Maneno yalinijia hadi kwenye meno. Nikayameza, kwa sababu sikuwa na kibali, kwa sababu yeye alikuwa mwenye nyumba, na pia, ingawa hili nililitambua baadaye, kwa sababu mwanga wa tochi ulinionyesha kwamba alikuwa anafanya vizuri. Mikono yake ilikuwa haina haraka. Aliongea na yule mjamzito kwa Kitumbuka cha chinichini na mara mbili akamchekesha. Mkono wangu uliuma, nikahamishia tochi mkono wa pili, na mkunga bila kugeuka akasema nisogeze mwanga kushoto. Nikasogeza.

Mtoto alitoka muda mfupi kabla ya saa sita, wa kike, akalia mwenyewe. Mkunga alimlaza juu ya tumbo la mama yake, akachoma sindano ya kuzuia damu, akangoja kabla ya kukata kitovu, na mimi nikajikuta ninahesabu dakika kimoyomoyo kama mwanafunzi aliyesimama nyuma ya mwalimu wake. Kondo la nyuma lilipotoka zima aliliweka kwenye bakuli na kuliinua mbele ya mwanga ili tulichunguze wote wawili. Alinitazama, akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia ni zima. Akaandika katika kile kidaftari, kwa mwanga wangu, saa ya kuzaliwa kwa saa ya Malawi.

Kulipokucha nilikuwa bado pale, nimeketi kwenye ngazi ya nyuma nikiwa sina usingizi. Mvua ilikuwa imekatika na milima ya kwetu haikuonekana kwa ukungu. Bibi alitoka wodini na ndoo mbili za nguo zenye damu, akasimama kunitazama mchana kwa mara ya kwanza tangu usiku, akanikumbuka vizuri: Mtanzania, yule wa majani ya maboga. Akaniuliza kwa Kingonde, taratibu ili nimwelewe, kama kweli sikuleta hata kitenge kimoja, maana mtoto amezaliwa na hakuna kipya cha kumbebea.

Nikamwambia sikuleta.

Akasema haidhuru, basi nimshikie ndoo moja, bomba liko mbali.